Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin, ila unaweza kumcheki ukiwa kafe

Wadau, mjusi wa Tendaguru kila mtu kamsikia, ila wangapi tumemwona? Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za Mjerumani. Wapagazi waliibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200! Sasa amesimama kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, Berlin, kimo chake mita 13.27. Nauli hatuna, lakini intaneti ipo. Mwanafunzi anaweza kujifunza haya:

1. Video ya nyuzi 360. Makumbusho hayo na Google waliitoa mwaka 2016. Tafuta jina lake la kisayansi, Giraffatitan. Ukiburuta mausi unageuka huku na huku, na unaona mifupa ikivaa nyama na ngozi. Ila rangi ya ngozi ni makisio tu ya wataalamu, ushahidi ni mifupa.

2. Miguu. Ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kama wa twiga. Hapo ndipo wataalamu wanapopata dalili kwamba alikula majani ya juu.

3. Sio mnyama mmoja! Mifupa ya wanyama kadhaa imeunganishwa, na fuvu unaloliona pale juu ni nakala, maana la asili ni dhaifu mno.

Kenya nako kuna tovuti ya AfricanFossils, mradi wa Louise Leakey. Mafuvu ya kale ya Ziwa Turkana unayageuza kwenye skrini, mbele, nyuma, mpaka meno.

Tatizo ni lugha. Maelezo mengi ya Berlin ni ya Kijerumani na Kiingereza. Msimamizi wa wachimbaji wetu pale Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Sasa dogo wa darasa la sita Lindi atasomaje habari za huyo mzee? Kumrudisha mjusi ni mjadala mrefu, lakini kuweka maelezo ya Kiswahili hakuhitaji meli.

Angalizo: video ni nzito. Kama mtandao unasuasua, anza na picha, usije ukamaliza muda wako unasubiri ifunguke.

Walimu mliomo humu, nani kashaijaribu darasani? Tupeni maoni.