Ndiva na Tangi: Habari za Maji Upareni



Mgeni apitaye Same huona nchi kavu yenye miiba. Akiinua macho aona milima ya Upare, ambayo kilele chake, Shengena, kina mita 2,462. Huko juu mvua ni nyingi. Huku tambarare za magharibi ni haba, nayo huja kwa misimu miwili, vuli na masika.

Wazee wetu, kabla Wadachi hawajafika, walikwisha kupata dawa ya shida hiyo. Walichimba mifereji kutoka vijitoni, wakajenga ndiva, yaani bwawa dogo lenye ukingo wa udongo na mawe. Usiku kucha kijito hujaza ndiva. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu, yakafika mashamba ambayo kijito peke yake kisingeyafikia. Kila mtu ana zamu yake. Tope likijaa, watu huitwa kwenye msaragambo, na asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu.

Watu waliozoea kukutana kwa ajili ya maji hawakushindwa kukutana kwa jambo lingine. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuikataa kodi ya mbiru, na baadaye kodi hiyo ikaondolewa.

Baadaye mabati yalishika mahali pa nyasi, na paa likawa chanzo cha maji. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Paa la mita za mraba 40, likipata milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 20,000. Tukitoa sehemu ya tano ipoteayo, zabaki 16,000. Watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, watakunywa, watapika na kuoga siku 130 na zaidi, maadamu tangi lao ni kubwa la kutosha. Mama aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani hupumzika.

Lakini yuko mwenye tangi asemaye, “Msaragambo ni wa nini tena?” Na apige hesabu ya pili. Ekari moja ya mahindi, ikinyweshwa maji ya kina cha sentimita 1 tu, yataka lita 40,000: mara mbili ya yote yaliyoliangukia paa lake mwaka mzima. Tangi hulisha jiko. Shamba hulishwa na ndiva. Ndiva ikijaa tope, aliye chini ya mfereji ndiye wa kwanza kukosa mavuno, na chama chetu hupungukiwa naye.

Basi tusafishe mifereji ya paa kabla ya vuli, tumwage maji ya mvua ya kwanza yaliyoosha vumbi, tufunike tangi lisizae mbu. Kisha tuchukue majembe, tukutane ndivani.