Mizuka ya Nairobi Haina Majina

Stori unaijua. Dereva wa teksi anambeba mwanamke mrembo usiku, karibu na makaburi ya Lang'ata. Amevaa nguo nyeupe, wanapiga gumzo vizuri tu. Wakifika, dereva anageuka kudai pesa yake na kiti cha nyuma ni kitupu. Nimeisikia mara nyingi, na kila anayesimulia anaapa kwamba huyo dereva ni mjomba wa rafiki yake. Huko Mombasa mwanamke huyohuyo ana kwato badala ya miguu na wanamwita jini. Hapa Nairobi hatuna hata neno la kumwita. Ni "yule mama", basi.

Kilichonikaa kichwani ni hicho, kwamba yule mama hana jina. Hakuna anayejua alikuwa nani, alikufa lini au nani alimzika. Nikaanza kuuliza watu kuhusu mizuka mingine ya tao. Niliuliza masoja wa usiku, makanga, akina mama wanaouza chai alfajiri. Majibu yakawa yaleyale: sauti ya mtu, kivuli cha mwanamume, mtoto analia. Sijapata hata mzuka mmoja wa Nairobi wenye jina.

Kiswahili kinajua tofauti hii. Mzimu ni roho ya marehemu wa ukoo. Ana jina na wajukuu, na akiudhika kuna mzee anayejua cha kumwambia. Mzuka ni kitu kinachozuka tu, hujui kimetoka wapi wala kinataka nini. Nairobi wengi wetu tukifa tunasafirishwa ushago, tukalale karibu na watu wetu. Lakini kuna maiti ambazo hukaa mochari bila mtu wa kuzidai, na mwishowe serikali ya jiji huzizika kwa pamoja. Huzizika Lang'ata. Sasa fikiria tena kuhusu yule mama anayesimamisha teksi pale, akitafuta mtu wa kumpeleka nyumbani.

Ndiyo maana nilianza kusoma historia ya jiji hili kwa njia moja tu: nikifika mahali watu walipokufa, naangalia walihesabiwa vipi. Karibu kila mara nakuta hesabu mbili, ya serikali na ya watu wengine, na hazilingani. Ile tofauti katikati ndiyo huniogopesha kuliko stori yoyote ya kwato.

Chukua Kariokor. Watu hujazana pale kula nyama choma na kununua viondo na viatu vya ngozi. Kama kuna mzuka Kariokor, umejificha kwenye jina lenyewe, jina ambalo makanga wanalipigia kelele siku nzima. Linatokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya, wengi kwa nguvu, wawabebee chakula na risasi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa hapo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia hiyohiyo. Wapagazi hawa hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Rekodi rasmi zilitaja vifo zaidi ya 40,000. Wapo wanahistoria wanaokadiria hadi 100,000.

Ukitaka kuona walivyokumbukwa, nenda Kenyatta Avenue uzitazame zile sanamu za askari. Mmoja wao ni mpagazi. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayoahidi kwamba hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nilizunguka ile sanamu nikitafuta majina. Hakuna hata moja. Ilichukua mpaka 2021 kwa tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kukiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Wakati huo miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita, na wale watoto walioahidiwa kukumbuka walikuwa wamekufa pia.

Toka hapo, tembea dakika chache mpaka barabara ya Harry Thuku. Nilipokuwa bado chuoni nilipita hapo karibu kila siku bila kujua ninakanyaga wapi. Mnamo Machi 14, 1922, Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Watu wakagoma, wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa. Tarehe 16 wakawa maelfu. Wazee walipotoka kuzungumza na wakubwa na kurudi wakiwaambia watu waende nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha nguo yake mbele ya wanaume, akawaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu hilo ni tusi zito mno. Umati ukasukuma kwenda mbele, polisi wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba masetla waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Serikali ilisema waliokufa ni 21. Hesabu nyingine inasema 56. Toa moja kutoka kwa nyingine, unabaki na watu 35 ambao, kulingana na karatasi za gava, hawakufa siku hiyo. Kwa hivyo walienda wapi? Kati ya wote, jina ambalo sisi wa leo tunalijua ni moja tu, la Nyanjiru. Na ajabu ni kwamba yeye hatumwogopi. Hakuna anayesimulia kwamba Nyanjiru hutokea usiku na kumtisha mtu. Anatajwa kwenye mikutano na kuchorwa kwenye kuta. Kupata jina kulimtoa kwenye uzuka.

Jumba la Nyayo ni habari nyingine. Tunaenda pale kutafuta pasipoti. Nikiwa kwenye foleni, jamaa mmoja aliniambia kwamba usiku masoja husikia mtu akikohoa huko chini. Alisema akicheka, nami nikacheka. Lakini huko chini kweli kulikuwa na watu. Miaka ya 80, serikali ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, na yeyote iliyemdhania kuwa mmoja wao, iliwafungia kwenye vyumba vya giza chini ya jengo. Walimwagiwa maji mpaka sakafu ikafurika, wakasimama ndani yake siku baada ya siku, uchi. Wakati wa kuhojiwa walipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu, wafumbwe macho, wapigwe, kisha warudishwe kwenye maji.

Februari 1987 Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alikamatwa. Mwezi haukuisha kabla hajafariki akiwa mikononi mwa polisi. Mwezi huohuo wakili Gibson Kamau Kuria alikuwa akiandaa kesi kwa niaba ya watu walioteswa. Naye akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Hapa hesabu rasmi ilikuwa sufuri. Kwa miaka mingi vyumba vile havikuwepo, mateso hayakuwepo. Februari 2003, serikali ya NARC ilifungua milango na kuwaruhusu manusura warudi kuonyesha walikosimama. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba walioshtaki walipwe fidia. Hao wanajulikana, wameandika vitabu, wametoa ushahidi. Wa kuogopesha ni wale ambao hawakuwahi kufika mbele ya jaji. Labda huyo anayekohoa ni mmoja wao, labda ni mabomba tu. Kama ni mabomba, bado kuna sababu ya sisi kusikia mtu.

Nitakupa mfano wa kunipinga, uupime. Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, Agosti 7, 1998, bomu liliua watu zaidi ya 200. Jumba la Ufundi lilianguka lote. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na mwanamke aliyekuwa hai chini ya vifusi, nchi nzima ikimwombea, na walipomfikia alikuwa ameshakufa. Sauti ya mwanamke chini ya mawe katikati ya jiji: kama kuna mahali Nairobi pangestahili mzuka, ni pale. Nimeuliza. Sijapata stori hata moja. Leo ni bustani ambapo watu hulala kwenye nyasi saa ya lanchi. Na kwenye ukuta yameandikwa majina ya waliokufa. Waliokuwepo siku zile wanalijua jina la yule mwanamke mpaka leo. Tulimlilia kwa jina, na akapumzika.

Kwa hivyo ukiniuliza kama Nairobi ina mizuka, nitakwambia ipo, na ni salio. Ni kile kinachobaki ukitoa hesabu ya serikali kutoka kwa idadi ya watu ambao hawakurudi nyumbani.

Na salio hilo halijaacha kuongezeka. Juni 25, 2024, karao walipiga watu risasi karibu na Bunge. Wengi wenu mlikuwepo. Juni 30 Rais alisema kwenye televisheni kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema ni 39. Hesabu mbili tena, kama 1922, na watu 20 katikati yake.

Lakini safari hii kuna jambo lilifanyika ambalo watu wa Kariokor hawakuweza kulifanya. Kabla vumbi halijatulia, vijana walikuwa wanaandika orodha mtandaoni: jina, umri, mtaa, picha, alipopigwa risasi. Mtu akikosea, mwingine anasahihisha. Walibishana na kulia humo, lakini waliandika. Huenda hawakujua kwamba wanafanya kazi ambayo ule mnara wa Kenyatta Avenue uliahidi ukashindwa.

Zile orodha zinahitaji kutunzwa. Akaunti hufungwa, simu huibiwa, na sisi wenyewe huchoka. Kama unayo moja, iandike pia kwenye daftari. La sivyo, miaka hamsini ijayo dereva fulani atambeba kijana kutoka karibu na Bunge usiku, ageuke kudai pesa yake, na asijue alikuwa nani.