Jambia la Tabora

Mwezi wa Novemba 1857, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipowasili Kaze katika nchi ya Unyanyembe, mahali palipo leo mji wa Tabora, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani, walikaribishwa na Waarabu wa Oman waliokuwa wakifanya biashara huko, na aliyewafadhili zaidi ya wote alikuwa Snay bin Amir. Watu wa namna yake, walipotoka barazani mwa tembe zao kwenda kupokea wageni, walifunga kiunoni jambia, kwa kuwa muungwana wa Oman hakuhesabiwa kuwa amekwisha kuvaa maadamu mkanda wake ni mtupu.

Jambia lenyewe ni fupi na limepinda. Mpini wake bora ni wa pembe ya kifaru, na ala yake, iliyokunjwa kama kiwiko cha mkono, imefumwa nyuzi za fedha na kushikwa mkandani kwa pete. Mwenye kujua hutambua asili ya mvaaji kwa kutazama tu: lile la Nizwa si lile la Sur, na lile la Saidi, linalonasibishwa na ukoo wa Al Busaidi waliotawala Unguja, aghalabu lina pete saba. Nyuma ya ala hufichwa kisu kidogo cha kazi za kila siku. Ajabu ni kwamba maafisa wa vikosi vya nyanda za juu za Uskoti nao huvaa jambia lao, lililonyooka, lenye kisu na uma ubavuni mwa ala, na nembo ya kikosi pamoja na majina ya vita vyake.  Kumbe mataifa mawili yaliyo mbali yamekubaliana kwamba silaha ya kiunoni ni hati ya nasaba kabla ya kuwa chombo cha kuulia.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Tabora. Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alipata nguvu katika nchi hii kwa kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, wala si kwa makali ya jambia. Na Agosti 1871, watu wa Mirambo, mtemi wa Urambo aliyepigana na Waarabu, walipouingia mji na kumwua mfanyabiashara Mwarabu Khamis bin Abdallah, bunduki ndizo zilizoamua.

Walakini insafu yatulazimu kusema pia kwamba fahari ile ilinunuliwa kwa pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi, na kwa watumwa waliopelekwa Bagamoyo kwa njia ile ile. Anayelisifu jambia akawasahau hao amesoma nusu ya hati.

Basi ewe msomaji, ikiwa sandukuni mwenu limesalia jambia la babu, usimwachie mchuuzi kwa uzito wa fedha yake. Waite vijana, uwatajie aliyelivaa na mji alikotoka, kisha uwatajie na waliobeba mizigo yake, kwani hao nao ni babu zetu.