Namba Isiyohitaji Shahidi

Zidisha 2 kwa 2, kisha tena kwa 2, mpaka mbili zitimie 67, halafu toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja namba hii kuwa tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakutoa uthibitisho, lakini kauli yake ilidumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alionyesha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Ni kama kugonga chungu sokoni ukasikia mlio wake umekufa: unajua kina ufa, ila ufa wenyewe huuoni.

Kuutafuta kulikuwa kazi nzito. Kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Sharti hilo linapunguza msako, lakini katika foleni ya namba zinazolitimiza, kigawo cha kwanza kinasimama nafasi ya 1,445,580. Hapakuwa na kompyuta. Ilibidi kubuni njia nyingine za kuchuja, na ndivyo alivyofanya Frank Nelson Cole. Tarehe 31 Oktoba 1903, jijini New York, aliwaonyesha wanahisabati wenzake ufa huo:

193,707,721 × 761,838,257,287.

Inasemekana hakutamka neno. Alikokotoa ubaoni namba ya Mersenne, akazidisha vigawo vyake viwili kando, majibu yakalingana, akarudi kuketi huku ukumbi ukishangilia. Baadaye akaeleza kuwa kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Mimi nasomea historia katika shahada ya uzamili, na swali langu la kwanza ni: nani anasimulia? Ni Eric Temple Bell, katika kitabu cha mwaka 1951, Cole akiwa amefariki tangu 1926. Mwaka 1903 Bell alikuwa kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa Stanford, upande wa pili wa Marekani. Tena ni mwandishi anayejulikana kwa kutia chumvi. Masimulizi yake juu ya Galois yamekosolewa kwa sababu hiyohiyo.

Sisemi kisa ni cha uongo. Nasema tunakipokea kama watu walivyopokea orodha ya Mersenne: kwa sababu aliyesema ana jina, na kwa sababu kinapendeza. Kuzidisha kwa Cole hakudai imani ya namna hiyo. Yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kukurudia leo, Kigoma au Paris, akapata jibu lilelile. Ukimya wa ukumbi ule hauna wa kuurudia. Ndiyo maana vigawo naviandika kama hakika, na ukimya nauandikia "inasemekana". Neno hilo halikipunguzii kisa utamu; linamwonyesha msomaji mahali ambapo ushahidi wetu unakoma.