Ukwe Chini ya Paa Moja: Jamaa na Mivutano katika Nyumba za Walowezi wa Marekani

Ukwe, yaani udugu unaotokana na ndoa, ulijenga na pia kuzitikisa kaya za walowezi wa nyanda za kati za Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, ingawa masimulizi mengi humchora mlowezi kama mtu aliyeingia nyikani na mkewe na watoto tu, asiyemtegemea mtu mwingine yeyote.

Chimbuko la mivutano hiyo lilikuwa sheria ya ardhi iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Sheria hiyo ilimruhusu mkuu wa kaya, au mtu aliyetimiza miaka 21, kudai ekari 160 za ardhi ya serikali, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji kama Walakota, kwa sharti kwamba ajenge nyumba, alime na aishi hapo miaka 5 ndipo apewe hati. Kwa kuwa kazi hiyo ilimshinda mtu mmoja, jamaa walidai mashamba yaliyopakana ili wasaidiane wanyama wa kulimia na mikono ya kuvunia, na ambaye nyumba yake haijasimama alijihifadhi kwa mwenzake.

Nyumba yenyewe mara nyingi ilikuwa chumba kimoja, na pale ambapo mbao hazikupatikana kuta zilijengwa kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, huku faragha ya wanandoa ikitegemea pazia. Mavyaa, yaani mama mzazi wa mume, alipokuja kukaa katika nyumba ya namna hiyo, wanawake wawili ambao kila mmoja alizoea kuamrisha kwake walilazimika kugawana jiko moja na akiba moja ya unga, na palipotokea kutoelewana hapakuwa na chumba cha pili cha kwenda kununia.

Mfano unaojulikana sana ni wa ukoo wa mwandishi Laura Ingalls Wilder. Baba yake, Charles Ingalls, alimwoa Caroline Quiner mwaka 1860, na ndugu wawili wa Charles, Peter na Polly, nao wakaoana na ndugu wawili wa Caroline, Eliza na Henry, hivi kwamba koo hizo mbili ziliunganishwa na ndoa tatu. Nzige walipowaharibia mazao huko Minnesota, Charles na familia yake walikaa kwa Peter na Eliza katika kiangazi cha 1876, na mtoto mchanga wa kiume wa Charles na Caroline akafia huko.

Ukwe ulimfikia Laura mwenyewe kwa njia nyingine. Eliza Jane Wilder, mwanamke asiye na mume aliyedai shamba lake mwenyewe karibu na De Smet, katika eneo la Dakota, alikuwa mwalimu aliyegombana na Laura darasani kabla ya kuwa wifi yake. Laura na Almanzo Wilder walifunga ndoa kimyakimya tarehe 25 Agosti 1885, na kwa maelezo ya Laura waliiharakisha ili kuikwepa harusi kubwa ambayo wifi na mavyaa walikuwa wakiipanga, na ambayo gharama zake Almanzo asingezimudu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini katika majira ya baridi ya 1880 hadi 1881 ardhi ya De Smet iliganda na hapakuwa na la kulima. Treni zilikwama kwa miezi, na katika nyumba ya akina Ingalls ngano ilisagwa kwa kinu kidogo cha kahawa, nyasi kavu zikasokotwa kuwa vijiti vya kuni hadi viganja vikachubuka. Humo waliishi pia George na Maggie Masters, wanandoa wasio jamaa wa mwenye nyumba, ambao ndoa yao haikuwapendeza wazazi wa mume. Katika kumbukumbu alizoziandika mwaka 1930, zilizochapishwa mwaka 2014, Laura anamlaumu George kwa kukwepa kazi huku akishikilia nafasi iliyo karibu zaidi na moto.

Hata hivyo, riwaya yake ya mwaka 1940 kuhusu majira hayo haiwataji wanandoa hao, kama ambavyo riwaya zake nyingine zinavyokiruka kiangazi cha 1876. Kwa hiyo ile picha ya baba, mama na watoto waliojitegemea wenyewe nyikani, ambayo vizazi vya wasomaji vimeipokea kama historia, ilipatikana kwa kuwatoa jamaa na wageni katika ukurasa, ilhali katika nyumba halisi walikuwemo, wakila kutoka chungu kilekile.