Kilichotolewa: Historia Fupi ya Baiskeli Isiyo na Friwili

Muulize fundi baiskeli yeyote, awe Tabora au Kisumu, friwili ni nini. Atakushangaa kwanza, halafu atakuonyesha: kile kigurudumu cha meno cha nyuma ambacho ukikanyaga kinakamata, na ukiacha kukanyaga kinalia tik-tik-tik huku baiskeli ikiendelea kuteleza yenyewe. Wengi wetu hatujawahi kupanda baiskeli isiyo nacho. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba New York, London na Tokyo kuna vijana wanaochukua baiskeli ya zamani, nzima kabisa, wakang'oa friwili na gia zote, wakafunga meno ya nyuma yasiyoteleza hata kidogo, atadhani unamtania.

Humtanii. Baiskeli hizo zipo, wapenzi wake wanaziita fiksi, na zina historia ndefu kuliko ya friwili yenyewe. Tusichanganye mambo hapa. Phoenix, Hero au Raleigh ya mzigo tunayoijua ina gia moja, sawa, lakini ina friwili. Mtu aliyebeba gunia la mkaa akifika mteremkoni anatuliza miguu, anashika breki, anashuka. Kwenye fiksi hakuna kutuliza miguu. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unazikazia pedali kwa miguu, unazisukuma kinyume. Ukirudisha pedali nyuma, baiskeli nayo inarudi nyuma.

Mwanzoni baiskeli zote zilikuwa hivyo. Ile mashine iliyovuma Paris miaka ya 1860, inayohusishwa na fundi Pierre Michaux, ilikuwa na pedali zilizofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Mzunguko mmoja wa mguu, mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo hesabu ni rahisi: ukitaka kwenda mbali zaidi kwa kila kanyago, kuza gurudumu. Wakalikuza, wakalikuza, mpaka likakaribia mita moja na nusu na mpandaji akawa anakaa juu kama yuko darini. Mipaka ya mwendo ikawa ni urefu wa miguu yako. Na mteremkoni, kwa kuwa pedali zilizunguka kwa kasi isiyofuatika, wapandaji walikuwa wakiinua miguu na kuomba Mungu.

Cheni ndiyo iliyovunja hesabu hiyo. Mwaka 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni inayopeleka nguvu nyuma. Sasa mwendo haukutegemea tena ukubwa wa gurudumu bali idadi ya meno ya mbele na ya nyuma. Miaka mitatu baadaye, Belfast, John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Ukiitazama Rover leo utaitambua mara moja. Ni bibi wa baiskeli zetu zote. Lakini hata hiyo ilikuwa fiksi. Cheni ilikamata mbele na nyuma, bila kupumzika.

Friwili ilianza kuenea sokoni mwishoni mwa miaka ya 1890, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Friwili haikuja peke yake. Zamani miguu ilikuwa ndiyo breki. Ukishaipa miguu ruhusa ya kupumzika, umeiondoa kazini, na lazima utafute kitu kingine cha kusimamisha baiskeli. Ndiyo maana enzi ya friwili ni enzi ya breki nzuri pia. Ujerumani, mwaka 1903, kampuni ya Ernst Sachs, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanamashindano wa baiskeli, ilitoa habu ya Torpedo iliyounganisha vyote viwili: ukiacha kukanyaga inateleza, ukikanyaga kinyumenyume inafunga breki. Ukiondoa kitu kimoja kwenye baiskeli, kuna kingine kinaachwa bila kazi, au kinaachiwa kazi kisichoiweza. Tutarudi hapo.

Si kila mtu aliipokea starehe hiyo kwa furaha. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya 1903, aliona kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliozidi miaka 45. Kwake ushindi ulipaswa kutoka kwenye misuli, si kwenye vyuma. Kwa hiyo kwa miaka mingi wakimbiaji wa Tour walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili. Wakifika mlimani walishuka, wakalichomoa gurudumu, wakaligeuza upande wa pili, wakalirudisha, wakaendelea. Kifaa cha kubadilisha gia ukiwa njiani kiliruhusiwa mwaka 1937 tu. Uingereza nako, hadi katikati ya karne ya 20, wanachama wa klabu za baiskeli walifunga fiksi majira ya baridi: vifaa vichache vya kuoza kwa tope na chumvi ya barabarani, na miguu ikizoea kuzunguka vizuri.

Mahali ambapo friwili haikuingia kabisa ni uwanjani, kwenye velodromu. Pale baiskeli haina breki hata moja, na hiyo si mbwembwe. Wote wanaelekea upande mmoja, hakuna gari, hakuna mtoto anayekimbilia mpira, na hatari kubwa ni mtu wa mbele yako kusimama ghafla. Kutokuwa na breki pale ni usalama. Katika uwanja wa namna hiyo, Montreal mwaka 1899, Mmarekani mweusi Major Taylor alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi, wakati ambapo kwao Marekani wazungu walikuwa wakimzuia kushindana au wakimbana makusudi njiani. Alifariki Chicago mwaka 1932, maskini, katika wodi ya wasiojiweza. Japani nayo ilianzisha mbio za keirin mjini Kokura mwaka 1948, watu wakicheza kamari juu ya wakimbiaji, na hadi leo mbio hizo zina kanuni kali za vifaa. Fremu za chuma za keirin zilizostaafu zikaja kugombaniwa na vijana wa Ulaya na Marekani nusu karne baadaye.

Fiksi ilitokaje uwanjani ikaingia mjini? Kwa njia ya matarishi. New York ya miaka ya 1970 na 1980 ilijaa matarishi wa baiskeli waliobeba nyaraka za mawakili, michoro, filamu na hundi. Walilipwa kwa kila mzigo. Hukufikisha, hukulipwa, baiskeli imeharibika, siku imekwenda. Mtu wa namna hiyo hana hamu ya kifaa chenye waya nne na springi kumi. Masimulizi ya matarishi wenyewe yanawapa sifa wahamiaji kutoka Jamaica na Trinidad kwa kuleta baiskeli za uwanjani barabarani. Sababu zilikuwa za tumbo: vitu vichache vya kuvunjika, vichache vya kuibiwa. Ukizoea, unaweza kutambaa polepole kati ya magari bila kuweka mguu chini. Nelson Vails, kijana wa Harlem, aliwahi kufanya kazi hiyo ya utarishi, na mwaka 1984 akachukua medali ya fedha ya mbio fupi kwenye Olimpiki ya Los Angeles.

Jiji halikuwapenda. Mwaka 1987 Meya Edward Koch alitangaza kupiga marufuku baiskeli mchana wa siku za kazi katika barabara za Fifth, Park na Madison, kati ya mtaa wa 31 na wa 59, yaani palepale mkate wao ulipo. Matarishi wakaandamana, wakaziba barabara kwa mwendo wa konokono, na mahakama ikaitupa amri hiyo kwa sababu haikufuata utaratibu wa kuutangazia umma. Walishinda kesi, ila hawakuishinda mashine ya faksi, na baadaye barua pepe. Kazi ikapungua. Sura ya tarishi ikabaki, na kwenye miaka ya 2000 ikauzwa: suruali, begi la bega moja, na baiskeli tupu isiyo na waya hata mmoja.

Hapo ndipo linapoingia suala la bajeti, kwa sababu si kila aliyeitamani aliweza kununua fremu ya keirin. Jibu lilikuwa gereji ya baba. Marekani na Uingereza zilijaa baiskeli za gia kumi za miaka ya 1970 na 1980, zimetundikwa ukutani, zinakula vumbi. Fundi mmoja wa Massachusetts, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliandika bure kwenye intaneti maelezo marefu na ya kuchekesha ya namna ya kuzigeuza, na watu wengi walijifunzia kwake.

Kwa nini hizo hasa na si baiskeli mpya? Angalia pale ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu. Fremu nyingi za zamani zina mkato uliolala, unaoruhusu gurudumu kuvutwa nyuma au mbele. Fiksi haina kile kikono cha springi kinachokaza cheni, kwa hiyo cheni inakazwa kwa kulivuta gurudumu. Fremu nyingi mpya zina mkato wima. Gurudumu linakaa sehemu moja tu, na cheni ikilegea imelegea. Kwa hiyo kitu kilichoonekana kimepitwa na wakati ndicho kinachofaa.

Kazi yenyewe haina miujiza. Toa vibadilisha gia, waya na vishikio vyake. Uza vilivyo vizima, hela yake itakusaidia mbele. Bakiza sproketi moja mbele, fupisha cheni, hakikisha meno ya mbele na ya nyuma yako kwenye mstari mmoja, la sivyo cheni itaruka, na kwenye fiksi cheni ikiruka inaweza kulifunga gurudumu ghafla. Chagua meno kwa akili: 42 mbele na 16 nyuma, kwa tairi lenye mzunguko wa mita 2.1, kila kanyago kamili linakupeleka mita 5.5 hivi. Ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 30 kwa saa. Lakini mteremko ukikusukuma hadi 40, miguu yako italazimika kuzunguka mara 120 kwa dakika. Ni kama kukimbizwa.

Kitu cha gharama ni habu ya nyuma, na hapo ndipo watu hubana pesa vibaya. Habu halisi ya fiksi ina hesi mbili: moja ya kawaida ya kufungia meno, na nyingine ndogo, ya kinyume, ya kufungia ringi. Ukikaza miguu kupunguza mwendo, nguvu inataka kuyafungua meno. Ringi, kwa kuwa hesi yake ni ya kinyume, inazidi kujikaza na kuyazuia. Akili kubwa hiyo! Habu ya zamani ya friwili ina ile hesi moja tu ya kawaida. Meno ya fiksi yanaingia, ndiyo, na wabahili huongeza ringi ya hesi ileile wakiomba isifunguke. Waingereza na Wamarekani wameipa habu hiyo jina lenye maana ya kujiua. Meno yakilegea, breki yako ya nyuma imekwisha.

Na breki ya mbele je? Hii ndiyo inayotolewa mara nyingi kuliko zote, si kwa bei bali kwa sura. Ila baiskeli inaposimama, uzito wote unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kushika kwake kunapungua. Miguu imara kiasi gani, inakaza lile lisiloshika. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinalijua hilo: fiksi inahesabiwa kuwa na breki ya nyuma tayari, yaani miguu, lakini breki ya mbele ni lazima.

Februari 2016, London, kijana aliyekuwa kwenye fiksi ya uwanjani isiyo na breki ya mbele aligongana na mama aliyekuwa akivuka barabara. Yule mama alifariki. Upande wa mashtaka ulidai kwamba kwa breki ya mbele angeweza kusimama, utetezi ulibisha. Mwaka 2017 baraza la mahakama lilimwona hana hatia ya kuua bila kukusudia, lakini likamtia hatiani kwa kuendesha ovyo na kwa pupa, kwa sheria ya mwaka 1861 iliyoandikwa enzi za magari ya farasi. Akafungwa miezi 18. Uingereza ilibishana kwa miezi mingi kuhusu sheria hiyo kuukuu, na kuhusu waendesha baiskeli kwa ujumla.

Mimi narudi kwenye vyuma. Uwanjani breki ilitolewa kwa sababu hakuna wa kumgonga mbele. Tarishi alitoa gia kwa sababu hakuwa na hela wala muda wa kuzitengeneza. Kila mmoja alijua alichotoa kilikuwa na kazi gani, na kazi hiyo nani ataifanya. Aliyetoa breki ya mbele ili baiskeli ipendeze kwenye picha, kazi hiyo amemwachia mtembea kwa miguu, ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo kama unayo fremu ya zamani na pesa kidogo, bajeti yako naipanga hivi. Kwanza habu yenye hesi mbili na ringi yake. Pili breki ya mbele: mara nyingi ile iliyokuja na baiskeli inatosha, badilisha raba na waya. Tatu cheni mpya. Rangi, mipini mizuri na tairi za kupendeza zisubiri mwezi ujao. Na kama njia yako ni ya milima na unabeba mzigo, iache friwili ilipo.