Bastola shuleni: nani anaruhusu?

Wadau, nimetoka lekcha ya historia ya Marekani, kichwa bado kinazunguka.

Mwaka 1990 Bunge lao lilikataza bunduki shuleni na ndani ya futi 1,000 (kama mita 300) kutoka shule. Walioachwa ni kama polisi wakiwa kazini, wenye mkataba na shule, na wenye leseni ya jimbo.

Machi 1992, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huko San Antonio, Texas, akanaswa shuleni na bastola na risasi tano. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Aprili 1995, majaji 5 kwa 4 wakaifuta sheria yenyewe! Si kwamba waliona bastola shuleni ni poa, la hasha. Walisema Bunge lina mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, na bastola ya mwanafunzi si biashara.

Mwaka 1996 Bunge likairudisha kwa kuongeza sharti: bunduki iwe imepita kwenye biashara hiyo. Karibu zote zimepita, au sio?

Ila mlango wa leseni ulibaki wazi. Mwaka 2013 Texas ikaruhusu shule kuteua wafanyakazi wake wabebe silaha. Kumbe swali halikuwa bunduki tu, ni nani mwenye rungu la kuamua. Mnasemaje?